Fensi ya shirika au kila mtu na yake: njia nne za kukubaliana na jirani kuhusu ukuta wa mpaka

"Jirani, tuchange tupige fensi." "Sawa, haina shida." Mazungumzo mengi huishia hapo, na wiki inayofuata fundi anachimba msingi. Kilichokubaliwa ni kwamba fensi itakuwepo, basi. Itakaa wapi, itakuwa mali ya nani, itakwenda juu kiasi gani, na ikilala wakati wa masika nani ataiinua, hakuna aliyesema. Maswali hayo hujibiwa baadaye kwa hasira, mbele ya mjumbe, ukuta ukiwa umeshasimama na fedha zimeshatumika.

Majirani hukubaliana kwa njia kuu nne: shirika la nusu kwa nusu, kila mtu kujenga kwake, mmoja kujenga na mwingine kurudisha, au kugawana vipande. Kila moja ina mahali inapofaa. Ili zilinganishwe kwa haki, tuchukue mfano mmoja: viwanja viwili vilivyopakana kwa mita 25, ukuta wa matofali ya saruji ya inchi 6, kimo cha mita 2 juu ya ardhi. Sheria zinazotajwa ni za Tanzania Bara, isipokuwa pale Kenya inapotajwa.

Mstari kwanza

Hakuna njia kati ya hizi nne itakayowasaidia kama hamjui mpaka ulipo. Kwenye kiwanja kilichopimwa, mpaka ni mstari ulionyooka kutoka bikoni (alama yenye namba iliyowekwa na mpima kwenye kona) hadi bikoni, si ule mti wa zamani wala mfereji wa maji. Tafuteni bikoni zote mbili, mfute udongo hadi namba iliyochorwa juu yake isomeke, kisha mlinganishe namba hiyo na ramani iliyo kwenye hati. Pimeni urefu kwa futi ya chuma. Ukitofautiana na ramani kwa zaidi ya upana wa kiganja, simamisheni kazi mkamwite mpima ardhi. Gharama yake gaweni nusu kwa nusu, maana mpima aliyelipwa na mmoja huonekana na mwenzake kuwa shahidi wa upande mmoja.

Vuteni kamba ya nailoni kutoka bikoni hadi bikoni na mpigilie kigingi kila mita 5. Kamba ya mita 25 isiyo na vigingi husukumwa na upepo, na ukuta hutoka na tumbo katikati. Pigeni picha kamba ikiwa imevutwa, ninyi wawili mkiwa mmesimama kando yake. Picha hiyo moja huzuia ugomvi mwingi.

Angalieni sana kona. Bikoni hukaa pale pale fundi anapotaka kusimamisha nguzo ya kona, na mafundi wengi huing'oa kwa sururu bila kujua wamefanya nini. Kung'oa alama ya upimaji ni kosa kisheria, na hairudishwi kwa kukisia. Anayeirudisha ni mpima. Mwambieni fundi aanze nguzo ya kona nusu mita kutoka kwenye bikoni, au aache tundu kwenye zege ili bikoni ionekane.

Kwenye maeneo ambayo hayajapimwa hakuna bikoni, kwa hiyo mstari unatokana na maneno ya watu. Hapo waiteni majirani wa pande zote zinazogusa kona zenu, mjumbe wa shina na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Pimeni umbali kutoka kwenye vitu visivyohama, kama kona ya nyumba, kisima au nguzo ya umeme, na muandike vipimo hivyo kwenye karatasi itakayosainiwa na wote.

Msomaji wa Kenya azingatie tofauti moja. Sehemu kubwa ya ardhi huko ina mpaka wa jumla: ua wa miti uliooteshwa ndio unaoonyesha mpaka. Ukiung'oa ili ujenge ukuta, umeng'oa ushahidi. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka mwenye ardhi atunze alama za mpaka, na mgogoro wa mpaka huanzia kwa msajili wa ardhi kabla ya mahakama.

Vifaa vinavyogawanywa

Watu hugawana shilingi, na bei ya saruji ikipanda katikati ya kazi mgawo unavunjika. Gaweni vifaa. Ukuta wa mfano wetu unakula hivi:

Juu ya ardhi kuna mita za mraba 50, na kila moja inachukua kama matofali 10 yakisimamishwa: 500. Kozi (mistari ya matofali) tatu za chini ya ardhi zinaongeza 165 hivi. Ukiweka ya kuvunjika, nunueni 700. Zege la msingi lenye upana wa sentimita 45 na unene wa sentimita 15, kwa mchanganyiko wa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto), linataka mifuko 8 ya saruji. Kujengea kunataka mifuko 13, kwa kuwa mfuko mmoja hujenga matofali 50 hadi 60. Nguzo 10 za zege za sentimita 23 kwa 23, zikiachana kwa takriban mita 3, zinakula mifuko 9. Tabaka la zege la kufunika juu ya ukuta ili mvua isiingie ndani ya matofali linataka mifuko 2. Jumla mifuko 32. Kila nguzo ina nondo nne za milimita 10 zenye urefu wa mita 3, yaani nondo moja nzima ya mita 12 kwa kila nguzo, pamoja na ringi za kuzifunga nondo hizo kila sentimita 20. Lipu ya upande mmoja ni mifuko 5 hadi 6 zaidi, na hiyo kila mtu ajitegemee upande wake.

Njia nne kwa pamoja

| Njia | Ukuta unakaa wapi | Mali ya nani | Mzigo wako | Panapoharibikia |
|---|---|---|---|---|
| Shirika, nusu kwa nusu | Katikati ya mstari | Ya wote wawili | Matofali 350, saruji mifuko 16 | Mmoja anaishiwa njiani, matengenezo |
| Kila mtu kwake | Wote ndani ya kiwanja chako | Yako | Matofali 700, saruji mifuko 32 | Msingi kuvuka mpaka. Uchochoro kati ya kuta |
| Mmoja ajenge, mwingine arudishe | Katikati ya mstari | Ya mjenzi hadi alipwe | Zote sasa, nusu irudi baadaye | Deni halilipwi |
| Kugawana vipande | Katikati ya mstari | Kila mtu kipande chake | Mita 12.5 za kwako | Ubora usiolingana |

Shirika: rahisi kwa mfuko, ngumu kwa miaka

Hii ndiyo inayookoa zaidi ardhi na fedha. Ukuta wa sentimita 15 ukikaa katikati ya mstari, kila mmoja anatoa sentimita 7.5 tu, chini ya mita 2 za mraba kwa urefu wote. Inafaa pale bikoni zote zipo, wote wawili wanaishi hapo, na wote wana uwezo wa kumaliza ndani ya miezi michache. Sharti moja likikosekana, angalia njia nyingine.

Yanayovunja shirika ni mambo madogo yasiyoandikwa. La kwanza ni kimo. Wewe unataka mita 2, yeye anataka 2.6. Kanuni nzuri ni kugawana nusu ule ukuta wa kimo mnachokubali wote, na anayetaka zaidi alipie matofali ya juu pamoja na nyongeza ya msingi na nondo, kwa sababu ukuta mrefu hauwezi kusimama juu ya msingi wa ukuta mfupi. La pili ni uso wa nguzo. Nguzo ya sentimita 23 kwenye ukuta wa 15 inabaki na sentimita 8 za kujitokeza: zielekee kwa nani? Zigaweni, sentimita 4 kila upande, au anayezipokea zote akubali kwa maandishi. La tatu ni mambo ya juu ya ukuta: vipande vya chupa, seng'enge ya miba, waya wa umeme. Vikiinamia kwa jirani, mtoto wake ndiye atakayeumia. Visimame wima, na visiwekwe bila ridhaa ya wote.

La nne ndilo linaloangusha kuta nyingi: kuutumia ukuta wa shirika kama ukuta wa jengo. Mtu anaegemeza banda la kuku, anatoboa apitishe boriti za stoo, au anamwaga kifusi ili apandishe kiwanja chake. Ukuta wa tofali moja umejengwa usimame, haukujengwa uzuie udongo. Kifusi cha sentimita 60 kikilowa mvua kinasukuma hadi ufa wa mlalo utokee kozi ya tatu au ya nne, halafu ukuta unalala upande wa mwenzake. Andikeni wazi: hakuna kuegemeza udongo, na anayetaka kupandisha kiwanja ajenge ukuta wake wa kuzuia udongo, ndani ya eneo lake.

Fedha zisikae mkononi mwa mmoja. Mpango unaofanya kazi ni wa hatua: mmoja analeta matofali yote, mwingine saruji, nondo, kokoto na mchanga, risiti zinapigwa picha, tofauti inasawazishwa mwisho wa kila hatua. Msianze msingi kabla ya vifaa vyote vya msingi na nguzo kuwa kwenye eneo la kazi. Nondo zilizoachwa wazi miezi kadhaa kwenye hewa ya chumvi ya Kigamboni au Bagamoyo huota kutu kabla ya zege kumwagwa. Na mchanga wa baharini usitumike kabisa, kwa kuwa chumvi yake itakula nondo kutoka ndani.

Kila mtu kwake: ghali, lakini usingizi mzuri

Kama jirani hajulikani aliko, kiwanja chake kiko kwenye kesi ya mirathi, au kila mkiongea mnapandishiana sauti, jenga chako ndani ya eneo lako. Huhitaji sahihi ya mtu yeyote. Ulizia halmashauri kibali cha ujenzi, kisha endelea.

Watu hukosea kwenye kipimo kimoja. Ukuta una sentimita 15 lakini msingi una 45. Ukiuweka uso wa ukuta juu ya kamba, msingi umeshaingia kwa jirani sentimita 15 chini ya ardhi, na siku anachimba wa kwake atauona. Ili msingi wote ubaki kwako, uso wa nje wa ukuta ukae sentimita 15 ndani ya mstari. Jumla umepoteza sentimita 30 kwa mita 25, yaani mita za mraba 7.5. Wengine hukwepa hasara hiyo kwa kuweka ukuta ukingoni mwa msingi. Hapo uzito wote unaelemea upande mmoja na ukuta unaanza kuinamia kwa jirani. Ukilazimika, nguzo zikaribiane hadi mita 2.5 na nondo zake zikunjwe miguu ndani ya zege la msingi.

Ukirudi ndani namna hiyo, andika kwamba kipande kilichobaki nje ya ukuta bado ni chako, na jirani asaini kama anapatikana. Dai la kurudisha ardhi lina ukomo wa miaka 12, na mtu aliyelima au kujenga juu ya kipande chako muda wote huo bila kuulizwa atakuwa na la kusema mbele ya baraza.

Tatizo la pili huja jirani naye akijenga wa kwake kwa utaratibu ule ule. Kati ya kuta mbili kunabaki uchochoro wa sentimita 30. Mtu mzima hapiti. Fundi hawezi kupiga lipu, hivyo pande zote mbili za ndani zinabaki tofali tupu zikinywa maji. Majani ya mwembe na mifuko ya plastiki inajaa, nyoka wanapata makazi, na maji ya mvua yanatuama kwenye misingi miwili kwa mpigo mmoja. Kama mnajua wote mtajenga, kubalianeni angalau kwamba wa pili ataunganisha ukuta wake kwenye kona na kuziba uchochoro juu kwa zege, na kuacha njia ya maji chini. Au rudini kwenye shirika, ambalo kwa hali hiyo ni nafuu mara mbili.

Mmoja ajenge, mwingine arudishe

Inapendwa sana kwa sababu inampa pumzi asiye na fedha. Hata hivyo ndiyo inayoacha madeni yasiyolipika, kwani ukuta ukishasimama mdaiwa ameshapata alichokuwa anakihitaji. Kudai kwa shilingi ni kujipunja: nusu ya gharama ya leo haitanunua nusu ya ukuta baada ya miaka mitatu. Andikeni deni kwa vifaa, kwa mfano: "Ninadaiwa matofali 350, saruji mifuko 16, nondo 5 na nusu ya ufundi, kwa bei ya siku nitakayolipa." Kisha muongeze kinachomfunga: hadi alipe, asiegemeze jengo, asipige lipu, asifunge chochote kwenye ukuta huo. Anapoanza kujenga nyumba yake, deni linaiva. Na akiuza kiwanja, deni linakatwa kwenye fedha za mauzo kabla ya kukabidhi, maana mnunuzi asiyeambiwa hatalipa deni la mtu mwingine.

Mwenye kiwanja akiwa Muscat, London au Minneapolis, asikubali kwa ujumbe wa sauti tu. Amteue mwakilishi mwenye barua iliyothibitishwa na wakili, na barua itaje ukuta wa mpaka kwa jina. Ndugu anayelinda kiwanja si lazima awe na mamlaka ya kukubali deni.

Kugawana vipande

Mita 12.5 za mbele wewe, 12.5 za nyuma yeye. Inafaa kwa majirani wenye mafundi tofauti au wanaojenga kwa nyakati tofauti. Sharti lake moja: nguzo ya katikati inayounganisha vipande ijengwe siku moja na fundi mmoja, nondo za mlalo zikiachwa zimetokeza upande wa pili. Bila hivyo hupatikana ufa wima pale vipande vinapokutana. Kwenye mtaa mzima uliopimwa pamoja, toleo lake bora ni kila mwenye kiwanja kujenga upande wake wa kulia na nyuma. Mradi wote wakubali, kila mmoja anajua deni lake bila hesabu nyingi.

Kama ukuta unawashinda

Wavu wa waya kwenye nguzo kila mita 3, ukiwa na nguzo za kona zilizoegemezwa mikono ya mshazari na nyaya tatu za kukazia, unafaa kwa shirika kwa sababu unaweza kufunguliwa na kusogezwa. Ua wa michongoma ni nafuu zaidi: miche 84 kwa mstari mmoja ikiachana sentimita 30, mara mbili ya hiyo kwa mistari miwili iliyopishana. Unataka kukatwa walau mara mbili kwa mwaka, na makubaliano yaseme nani anakata upande gani na miba inatupwa wapi. Minyaa isipandwe penye watoto, kwa kuwa utomvu wake unaumiza vibaya macho.

Karatasi yenyewe

Makubaliano ya mdomo yanafaa kwa ua wa michongoma. Kwa ukuta, andikeni. Ukurasa mmoja au miwili unatosha: majina na namba za viwanja, namba za bikoni, mahali ukuta unapokaa kwa sentimita, mali ya nani, kimo, mgawo wa vifaa, tarehe ya kumaliza, matengenezo, na kitakachotokea mmoja akiuza au akifariki. Wasaini wenye viwanja na wenza wao, kwa sababu anayebaki na nyumba mara nyingi ni mwenza. Mashahidi wawili, mmoja kila upande. Nakala tatu: moja kila nyumba, ikae pamoja na hati, na moja serikali ya mtaa ikigongwa mhuri. Kwa njia ya deni, ongezeni wakili.

Kuna jambo ambalo karatasi hiyo haiwezi kufanya, nalo ni kuhamisha mpaka. Mkiona ni vyema kusogeza mstari ili ukuta upite vizuri, mnahamisha ardhi, na hiyo ni kazi ya mpima na ofisi ya ardhi.

Mkishindwana, anzeni serikali ya mtaa. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi hukumu ya mgogoro wa ardhi. Linapatanisha, na lisipofanikiwa ndani ya siku 30 mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kule karatasi yenu, picha ya kamba na risiti ndivyo vitakavyosema.

Matengenezo: chanzo ndicho kinachoonyesha mlipaji

Kugawana nusu kila uharibifu si haki. Kagueni pamoja mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na tena mvua zikiisha, na msome ufa kabla ya kuongea fedha. Ufa wa ngazi unaofuata maungio ya matofali ni msingi unaozama: tafuteni bomba linalovuja, shimo la choo lililo karibu au mkondo wa maji, na mwenye chanzo alipe. Ufa wa mlalo chini ni kitu kinachosukuma, udongo au maji. Ufa wima katikati ya nguzo mbili mara nyingi ni matofali yaliyojengwa kabla hayajakauka vizuri: huo ni wa wote. Lipu inayobanduka chini na kuacha unga mweupe ni chumvi inayopandishwa na unyevu, na hiyo ni ya mwenye upande huo.

Zibueni matundu ya maji yaliyoachwa kozi ya kwanza juu ya ardhi, moja kila mita 2 au 3. Mwenye kiwanja cha chini akiyaziba ili maji ya juu yasimjie, ukuta mzima unageuka bwawa. Afadhali mchimbe mfereji kando ya ukuta upande wa juu, uelekee barabarani.

Matengenezo ya kawaida yatolewe taarifa ya siku 14 kwa maandishi. Asiyejibu, mwenzake atengeneze na kumdai nusu kwa risiti. Lakini shusheni timazi (kamba yenye uzito mwishoni) kutoka juu ya ukuta: ukiwa umeinama zaidi ya sentimita 5 kwa mita 2, msisubiri siku hizo. Watoto na mifugo waondolewe pande zote mbili siku hiyo hiyo, na yeyote kati yenu awe na ruhusa ya kukibomoa kipande hicho bila kumsubiri mwenzake.